Wekoye na Sumaku za Kizito

Wekoye alipiga gita akiwa amewapa watu ubavu. Ukiwa umeketi na wageni ungeona sikio lake la kushoto, bega, na mkono unaotembea juu ya nyuzi. Uso ungeuona pale tu anapogeuka kutafuta maji ya kunywa. Watu wa Kitale walisema ni haya, na hawakukosea, kwa maana huyu alikuwa mtu ambaye akikuta wageni wengi kwake nyumbani huingilia mlango wa jikoni. Lakini kulikuwa na sababu ya pili. Gita lake lilikuwa la bei ya chini, na likitazamana na spika lilipiga yowe kama nguruwe aliyekamatwa mguu. Basi spika aliipa mgongo, watu akawapa ubavu, na miaka ikaenda hivyo.

Shule aliiachia darasa la saba. Baba yake alipiga litungu, kile chombo cha nyuzi cha Wabukusu, na alikuwa na mtindo wake: huku anachuna nyuzi, huku kidole cha pete kinagonga ngozi ya chombo, ko, ko-ko, ili wachezaji wajue pa kutupa bega. Wekoye alipopata gita la umeme hakuuacha mtindo huo. Aligonga mbao chini ya nyuzi kwa kidole kilekile, na kwenye spika mdundo huo ulitoka kama ngoma ndogo iliyofichwa ndani ya wimbo. Hakuwahi kujiuliza unatokaje. Alidhani magita yote husema hivyo. Wanawake wazima waliosimama kucheza kamabeka, ngoma ya mabega, waliungoja mdundo ule kuliko walivyoyangoja maneno ya wimbo.

Siku za kazi alikamua ng'ombe na kulima mahindi yake kando ya barabara ya Endebess. Jumamosi alipiga solo katika bendi ya Mary Ann, mama mwuza vitenge wa soko la Kitale, ambaye ndiye aliyekuwa mwimbaji, mwenye vyombo na mwenye neno la mwisho. Nafasi hiyo ya solo ndiyo kitu pekee duniani ambacho Wekoye alikishika bila kuomba radhi.

Ndipo akaja Kizito.

Kizito alikuwa na miaka thelathini hivi, ametokea Kapsokwony, na mama yake alikuwa wa ukoo mmoja na Wekoye. Kwa hiyo alimwita khocha, yaani mjomba, na kumwamkia kwa mikono miwili. Hilo lilifanya iwe vigumu kumchukia hadharani. Alichukuliwa apige ridhimu, gita la kusindikiza solo. Siku ya kwanza ya mazoezi alifungua mfuko, akatoa gita jekundu ambalo dada yake Lorna, anayefanya kazi Doha, alikuwa amemletea. Si wekundu wake uliowashangaza watu, bali sumaku zake, zile zinazokaa chini ya nyuzi na kunasa sauti kuipeleka kwenye spika. Zilikuwa za bei ya juu, zimesukwa kwa mkono. Kizito akapitisha vidole mara moja tu. Kila uzi ulisikika peke yake, kama watu walioketi kila mmoja na kiti chake.

Shafi, mpiga besi, akatikisa kichwa. "Hiyo sasa ndiyo gita, bana. Ile ingine ni redio ya mkulima."

Wote wakacheka. Wekoye naye akacheka, lakini alianza baada ya wengine.

Tangu siku hiyo kitu kilimkalia kifuani na hakikushuka. Mtu fulani alirekodi mazoezi akayatuma kwenye kundi la WhatsApp, na chini ya video watu walimwaga mioyo myekundu kwa ajili ya Kizito. Wekoye aliitazama video hiyo zizini, akiwa amebana simu kwa goti na mikono yote miwili kwenye chuchu za ng'ombe. Aliitazama tena akinywa chai. Alichokitafuta ni kosa. Hakulipata, akaanza kujiambia kwamba kijana hana vidole, ana sumaku. Hata ng'ombe huyu akifungiwa zile sumaku ataimba. Mkewe, Nakhumicha, alipomwuliza kwa nini siku hizi anaongea na ng'ombe, alisema ni mbung'o wanaomsumbua.

Kisha Mary Ann akapata harusi kubwa Bungoma. Mwenyekiti wa chama cha maziwa alikuwa anamwoza binti yake, na watu wa kila upande wangekuwepo. Mwishoni mwa mazoezi akawaambia wanamuziki wake kwamba hajaamua nani apige solo huko. "Mimi sitazami umri wala undugu," akasema. "Bungoma solo ni ya mwenye sauti." Hakumtazama mtu. Lakini Wekoye aliona kwamba hakumtazama yeye, na kwake hiyo ilikuwa hukumu.

Kesho yake alikwenda kwa Hamdun, fundi wa redio na spika mwenye kibanda nyuma ya msikiti wa Kitale. Alikuwa amesikia kwamba Hamdun ana gita la Kimarekani lililovunjika shingo, lililotoka hoteli fulani, na sumaku zake bado nzima. Hamdun alikuwa mtu wa kupima vitu. Alikataa kulinganisha gita na gita. Alisema mbao zitadanganya. Akazing'oa sumaku za lile bovu, akazifunga kwa muda kwenye gita la Wekoye mwenyewe, nyuzi zilezile, spika ileile, ili tofauti itakayosikika iwe ya sumaku tu.

Zile za zamani, kabla hujagusa uzi, zilikuwa zinavuma kama friji. Ukipiga nyuzi nene zilitoka zimeshikana, uji wa jana. Zile za bei zilikaa kimya kabisa mpaka ziguswe, na zikiguswa zilisema jambo moja moja, tamu, na mwisho wa sauti haukukatika bali ulipotea polepole. Hamdun akazielekeza kwenye spika. Hazikupiga yowe.

"Sasa sikia hii," Hamdun akasema. Akagonga sumaku ya zamani kwa mpini wa bisibisi. Spika ikajibu, ko. Akagonga ile ya bei. Kimya. "Hii yako waya yake imelegea ndani, inasikia kila kitu, hata mbao. Hii ingine imezamishwa kwenye nta, waya haitikisiki. Inasikia uzi peke yake."

Kama Wekoye angekuwa na moyo uliotulia siku hiyo, hapo angeomba kiti akae. Lakini masikioni mwake ile ko ilikuwa redio ya mkulima. Aliona aibu mbele ya fundi, kama mtu ambaye mtoto wake amekohoa kanisani. "Ndiyo hiyo nataka," akasema. "Isisikie upuuzi."

Hakuwa na pesa mkononi, na Hamdun alikuwa na nduguye anayenunua mahindi. Gunia zikatoka kwenye ghala la jikoni, si kwenye zile za kuuza. Nakhumicha alisimama mlangoni akizitazama zikipakiwa kwenye tuktuk.

"Baba Festus," akasema, "hizo sumaku zinasagwa posho mill, ama zinachemshwa hivyo hivyo?"

Wekoye akapanda tuktuk. Sumaku zake za zamani aliziacha kwenye meza ya fundi. Hamdun alipomwuliza azifanyie nini, alisema azitupe.

Aliamua asimwonyeshe mtu mpaka siku ya harusi. Nyumbani hakuwa na spika, kwa hiyo alifanya mazoezi bila umeme, na mbao bila umeme ilisema ko chini ya kidole chake kama kawaida. Mazoezi ya mwisho ya bendi hakwenda. Alisema ng'ombe anazaa. Alichokuwa anakingoja ni kitu kimoja, uso wa Kizito.

Aliupata. Bungoma, chini ya hema, Mary Ann aliwaanzisha na nyimbo za polepole za kuwakaribisha wageni, na kwa heshima ya umri akampa Wekoye aanze. Wekoye akageuka. Kwa mara ya kwanza alisimama akiwatazama watu, spika ikiwa kando yake, na gita halikupiga yowe. Sauti iliyotoka iliwafanya wapishi wachungulie. Shafi akasogea na besi yake akamnong'oneza, "Mzee, umefanya nini hapo?" Kizito alikuwa anamtazama mdomo wazi kidogo. Wekoye aliona kila kitu na kukila polepole, kama mtu anayekula nyama ya mwisho kwenye sahani. Alifikiri, sasa wewe ndiwe ukae zizini na simu.

Chakula kilipokaribia, alisimama Nabwile, senge wa bibi harusi, yaani shangazi upande wa baba. Alikuwa mama mnene mwenye kitambaa cha kijani, na alipoinuka wanawake wengine waliinuka nyuma yake bila kuitwa. Ilikuwa zamu ya kamabeka. Wekoye akaanza wimbo. Nyuzi zikatiririka, mabega yakaanza kutetemeka, yakiusubiri mdundo. Akagonga.

Kimya.

Akagonga tena, kwa nguvu, mpaka kidole kikauma. Mbao ilisema kwa tumbo lake tu. Kwenye spika nyuzi ziliendelea, tamu, safi, na mahali pa ngoma palikuwa na shimo. Mabega ya wanawake yalipanda yakabaki juu. Mmoja akamkanyaga mwenzake. Nabwile akasimama, akaja mpaka karibu na jukwaa, mkono kiunoni.

"Wewe wa gita," akasema, "unatunyima nini leo? Tumekuja kucheza, sio kupokea sakramenti."

Watu wakacheka. Na Wekoye alikuwa amewaelekea watu, hana ubavu wa kujifichia. Alizitazama nyuzi. Ndipo akamsikia Hamdun upya, neno kwa neno, na ile bisibisi yake, na akaelewa alichokitupa.

Mary Ann hakungoja. Alishika wimbo kwa sauti yake na manyanga, akamwashiria Kizito kwa kidevu. Kizito aliliweka gita jekundu chini, akafungua mfuko wa pili ambao Wekoye hakuwa ameutilia maanani, akatoa gita jeusi la bei ya chini, akalichomeka. Kabla hajalipiga, spika ilianza kuvuma kama friji. Wekoye angeutambua mvumo ule hata usingizini. Zilizokuwa zinavuma ndani ya gita la Kizito zilikuwa sumaku zake, zile alizosema zitupwe.

Kizito akapiga, akagonga. Ko. Wanawake wakashangilia, mabega yakaanza. Wekoye hakuwahi kujua kwamba mtu anaweza kuzionea wivu sumaku zake mwenyewe. Aliziona kama mke aliyefukuzwa akaolewa na jirani siku hiyohiyo. Lakini Kizito alikuwa anagonga kwa kidole cha kati, na mdundo wake ulichelewa. Uliwafikia wachezaji bega likiwa limeshashuka. Walijaribu kumfuata, wakajikwaa, wakajaribu tena. Jasho lilikuwa linamtoka kijana.

Wekoye aliona raha. Ilikuja yenyewe, na hakuifukuza. Aliiacha imalize mzunguko mzima wa wimbo.

Kizito akasogea mpaka begani pake, vidole vikiendelea. "Khocha, nilizikuta kwa Hamdun nikipeleka waya wangu," akasema. "Tangu nije nimekuwa nikigonga langu jekundu usiku na mchana, haliitiki. Nikajua ni mkono wangu mbovu. Wewe unagongaje?"

Kumbe kijana naye alikuwa na zizi lake. Wekoye angeweza kusema sijui. Angeweza kumwacha Nabwile arudi na mkono wake kiunoni, solo isiwe ya mtu yeyote. Alilifikiria jambo hilo kwa makini. Lakini mdundo ukachelewa tena, na hilo hakuweza kulivumilia, kwa maana ulikuwa mdundo wa baba yake ukiaibishwa mbele ya akina mama wa Bungoma.

"Hugongi na hicho kidole," akasema. "Lete hapa. Ushike hili."

Wakabadilishana magita, Mary Ann akiwafunika kwa sauti. Wekoye aligeuka ubavu, akaipa spika mgongo, akaweka kidole cha pete mahali pake. Ko, ko-ko. Nabwile alitupa kichwa nyuma, na mabega yote chini ya hema yakashuka pamoja. Walicheza mpaka wapishi wakalalamika chakula kinapoa. Mary Ann aliinamia kipaza sauti akamtaja, solo Wekoye, na tena hakuna aliyeuliza solo ni ya nani.

Ingetosha. Lakini upande wa sikio lake la kulia Kizito alikuwa anapiga ridhimu kwenye lile gita la mahindi. Alilibembeleza. Sumaku zile, ambazo kwa Wekoye zilikuwa zimesema vizuri, kwa Kizito ziliimba, na kila mwisho wa sauti alikuwa anaungoja upotee kabla ya kuanza mwingine. Hazikuwahi kumwimbia hivyo mwenye kuzinunua. Kile kitu kikapanda tena kifuani, kikakaa mahali pake pa kawaida.

Walipokuwa wanafunga waya, Kizito alikuja na gita kwa mikono miwili. Alisema sumaku hizi zimeshinda hata zake za Doha. Halafu akauliza taratibu kama wanaweza kubadilishana moja kwa moja, kila mtu abaki na zinazomfaa. Lilikuwa jambo la haki. Wekoye alijua ni la haki.

"Ngoja kwanza nimwulize Mama Festus," akasema. "Yalikuwa mahindi yake."

"Basi beba yote mawili, khocha, mpaka muamue," Kizito akasema, akamsaidia kuyatundika, moja kila bega.

Wekoye alitembea nayo mpaka kwenye gari la bendi, mazito pande zote mbili, akimwonea wivu kijana yule hata kwa namna alivyoweza kutoa.