Samaki Asiye na Kichwa

Usiku ule wa Ramadhani nililala na shaka ndogo. Jirani yetu Faki alikuwa ametuletea nusu ya samaki aliyemnunua kwa mchuuzi mpita njia: kipande cheupe, kimechunwa ngozi, hakina kichwa. "Kikande huyo, nilimkuta kishachunwa," alisema. Mke wangu Zuhura alikitia chumvi na ndimu, akakiweka kwa ajili ya daku. Kisiwani kwetu kikande huchunwa siku zote, maana ngozi yake ni ngumu kama ya kiatu. Lakini bunju naye akichunwa huwa mweupe vilevile, na sumu ya bunju haiondoki kwa moto.

Usingizi ukanichukua. Nikajikuta mwambani, maji yakinifika kifuani, na Kombo alikuwa akitembea mbele yangu. Kombo alikuwa rafiki yangu. Tulizoea kwenda pamoja kutega madema. Yeye aliwajua samaki kwa mikono, mimi kwa kusoma. Alikufa kwa homa, na jeneza lake nililibeba kwa bega hili la kulia. Hayo niliyajua hata ndani ya ndoto, kwa hiyo sikumsogelea. Shati lake lilikuwa kavu.

Kisha hatupo tena mwambani. Tuko sebuleni kwangu, na bahari imo ndani. Pono anaguguna ukuta, chokaa inamdondoka mdomoni. Samaki kangaja wanaingia dirishani kwa kundi, wanatoka mlangoni. Chini ya kochi amelala chewa, kinywa wazi, na kisamaki chembamba chenye mstari mweusi kinaingia na kutoka, kinamsafisha meno. Pembeni kipo kingine, vazi lilelile, mwendo uleule. Habari zao nimezisoma: mmoja ni mtumishi, mwingine ni laghai anayejifanya mtumishi ili asogee na kung'ata nyama.

Namtazama Kombo, na shaka inahamia kwake. Wazee wetu husema, maiti akikupa chakula ndotoni usipokee. Naye ameshika sahani. Juu yake pana samaki mweupe, hana kichwa.

"Kula, Bwana Vitabu."

Ndivyo alivyokuwa akiniita. Lakini jina hilo walilijua wengi.

"Kwanza niambie," nasema. "Kati ya wale wawili, laghai ni yupi?"

"Yakhe, hata mimi unanitia mtihanini?"

"Hata wewe."

Anacheka bila sauti. Hageuki kuwatazama. "Achana na nguo zao. Tazama mdomo. Mwenye mdomo mbele ni mtumishi. Ambaye mdomo wake umejificha chini ya pua, huyo anauma."

Ni kweli. Nami naifuata kauli yake: namtazama yeye mdomo. Jino lake la mbele limevunjika pembe, vilevile kama siku alipolivunja kwa kukata kamba ya dema. Ni Kombo.

Ananisogezea sahani tena. "Haya, sasa umenijua. Kula."

"Sili."

"Kwa nini?"

"Wewe nimekujua. Huyu sijamwona mdomo."

Anaipindua sahani. Kile kipande kinazama polepole katikati ya sebule. Samaki aina ya changu wanakikaribia, wanakwepa. Chewa anafunga kinywa. Hakuna anayekigusa.

"Na yule wa jikoni kwako," anasema Kombo, "umemwona?"

Nikaamka. Jikoni mafuta yalikuwa yakilia.

Zuhura alikuwa na kipande mkononi, tayari kukitosa. Nilimshika kiwiko. Nilikipeleka kwenye taa nikautafuta mgongoni mwiba wa kikande, ule anaouinua akishikwa. Haukuwapo. Labda ulikatwa pamoja na kichwa. Labda haukuwapo tangu mwanzo.

"Nimemwota Kombo," nikasema. "Huyu haliwi."

"Baba Asha, utamtupa samaki kwa sababu ya ndoto?"

"Si kwa sababu ya ndoto. Kwa sababu ya kichwa. Wewe umekiona?"

Alizima jiko. Kisha akaniangalia usoni. "Kwa Faki wamo watoto wanne," akasema, "na wao daku hula mapema."

Nilitoka na shuka kiunoni, miguu mitupu. Niligonga kwa ngumi. Faki alifungua, anatafuna tende, na nyuma yake nilisikia sahani zikipangwa mkekani.

"Vipi, jirani? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Bado. Faki, yule samaki, kichwa chake ulikiona?"

Alifumbua kinywa acheke. Kicheko hakikutoka. Aligeuka akakimbilia ndani, akipiga kelele, "Msile! Mama Time, wanyang'anye watoto! Msile!"