Nilivyotafsiri Mahubiri Lituhi

Bora niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine. Mwezi uliopita kanisa letu la Mbinga lilikwenda Lituhi kwa mkutano wa injili. Mchungaji, ambaye ni mgeni huku kwetu, aliuliza nani anajua Kinyasa amtafsirie. Nikanyoosha mkono. Baba yangu ni Mnyasa, lakini mimi nimekulia mjini, na lugha yake ninajua salamu, majina ya samaki na namna ya kumwita mtu aje kula. Kupenda sifa kuliniponza.

Siku ya mkutano wazee walijaa mabenchi ya mbele. Mchungaji akaanza: "Petro akashuka mashuani, akatembea juu ya maji!" Nikakusanya maneno yangu machache, nikatangaza kwa sauti kubwa kwamba Petro alikwenda kuoga.

"Alipoona upepo akaogopa!" akaendelea mchungaji. Nikasema Petro ana njaa.

Kina mama walikuwa wameziba midomo kwa kanga. Jasho lilinitiririka, na mahubiri ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza.

Bibi mmoja akasimama. "Shikamoo, bibi," nikawahi, labda atanihurumia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa upumzike. Mchungaji tunamwelewa vizuri, Kiswahili tunakijua sote. Wewe ndiye hatukuelewi."

Mkutano mzima ukaangua kicheko, mchungaji naye akajishika mbavu. Aibu niliiona, lakini sijawahi kukaa kwenye benchi kwa raha kama siku ile.