Mzee wa Nyuma ya Pazia

Mwanangu Hamud ana mvi ndevu nzima, lakini mwaka jana alishindwa kuuza shuka. Si kwamba wateja hawakuwepo. Walijaa mpaka barazani. Ila mteja akishataja bei yake ya mwisho, Hamud anamtazama, anatazama pazia la nyuma ya duka, halafu ananyamaza. Mteja anasubiri weee, mwishowe anaweka shuka chini na kuvuka barabara kwa jirani.

Lazima nieleze kwanza duka letu lilivyokuwa linafanya kazi, maana vijana wa siku hizi wanauza kwenye simu na mambo haya hawayajui. Duka liko Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, fremu ileile tangu niolewe. Tunauza mashuka na mapazia. Mume wangu, Mzee Hussam, Mungu amrehemu, alipochoka kusimama alihamia nyuma ya pazia, kwenye kiti chake, na tasbihi mkononi. Mbele akabaki Hamud. Mteja akibana sana, Hamud anamwambia, "Ngoja nimuulize mzee." Anaingia nyuma, anatoka, anasema, "Mzee amekubali," au, "Mzee amekataa." Mjadala umekwisha. Utabishana vipi na mzee usiyemuona? Hata baba mkwe wangu alikaa nyuma ya pazia hilohilo zamani, wakati mume wangu kijana, kiuno chembamba, anawauzia watu wa Rufiji vitambaa vya kaniki na marekani. Ndivyo walivyouza, na walioa, wakajenga, wakahiji.

Basi mzee alipofariki, kiti kikabaki, pazia likabaki, na mwanangu akabaki na maneno nusu mdomoni. "Ngoja nimuulize..." anasema, kisha anakumbuka. Nilishuhudia mwenyewe siku niliyompelekea chakula. Mama mmoja wa Mtwara, mteja wetu wa siku zote, alikuwa amechagua mapazia ya nyumba nzima na amefika bei nzuri kabisa. Hamud jasho linamtiririka. Yule mama akamwambia kwa upole, "Baba, kama mna msiba mwingine niambie tu, nitarudi kesho." Hakurudi.

Hapo ndipo Ghassan alipoanza kuja. Ghassan ni mtoto wa shemeji yangu, ana maduka Buguruni na bado macho hayajashiba.

"Mama mkubwa," akaniambia, "mwache Hamud apumzike. Fremu nitaichukua mimi, yeye atakuwa anakuja kunywa kahawa."

Alikuwa ameshazungumza na mwenye nyumba. Kama hadi mwezi wa Ramadhani Hamud hajasimama sawasawa, jina kwenye mkataba linabadilishwa. Mtoto wa Hussam aje kunywa kahawa, kama mgeni, kwenye fremu ya babu yake.

Dalia, mke wa Hamud, akaleta kocha. Anaitwa Bryson. Kijana msafi, viatu vyeupe, soksi hana. Dalia alisema ni kocha wa maisha, amewafungua watu wengi waliokwama akilini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeoa?"

"Bado, bibi."

"Watoto?"

"Bado. Natafuta kwanza."

"Sasa unafundisha maisha yapi, mwanangu?"

Dalia akanikata jicho, nikamsogezea mgeni kiti. Sikutaka kuonekana mkwe mbaya. Bryson akamwambia Hamud kwamba kizuizi chake kiko kichwani, na dawa ni kukivunja kwa maneno. Akamletea kioo kirefu kitundikwe nyuma ya pazia. Kila asubuhi ajitazame na aseme kwa sauti: mimi ni mshindi, mimi ni simba wa Kariakoo.

Huyo kijana hakuuliza kitu kimoja ambacho mtaa wote unakijua. Hamud ni Yanga tangu utotoni, na baba yake kabla yake. Mtu mzima wa Yanga unamsimamisha mbele ya kioo, Kariakoo, aseme yeye ni simba, jina la watani wao wa jadi. Wapagazi walioko barazani wakamsikia.

"Bosi, umehama lini?" mmoja akamuuliza.

"Muache, ni mambo ya usajili," mwenzake akadakia.

Wale wa Yanga wakagoma kubeba majora yake mpaka aeleze vizuri. Hamud akazidi kunyong'onyea. Nikamwambia Dalia, kocha wako amemtoa mume wako kwenye shimo la goti akamtia la shingo. Akanijibu kwamba mabadiliko yanataka subira, mama. Subira ninayo, nimezaa watoto saba. Fremu ndiyo haina subira.

Mimi nikamwita Shehe Kitwana. Akasoma, akaandika aya kwenye sahani kwa zafarani, akaziosha kwa maji, na kombe hilo Hamud akalinywa. Siwezi kusema vibaya maneno ya Mungu. Usingizi ulimrudia, na kwa hilo nashukuru, maana alikuwa anazungukazunguka nyumbani kama anatafuta funguo. Alilala, akaamka mwepesi, akaenda dukani, na mteja wa kwanza akamshinda vilevile.

Mwisho akaenda hospitali, kwa mshauri mmoja anaitwa Evelyn. Hilo nalo likaniudhi.

"Anakuambia nini huyo dada?" nikamuuliza.

"Haniambii kitu, mama. Ananiuliza."

"Na wewe unamjibu nini?"

"Nalia."

"Kulia si ungelia hapahapa. Unapanga foleni hospitali kwenda kulia?"

Akacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi, lakini sikutaka kumpa sifa Evelyn mapema. Hawa watu wote wanaingia kwenye nyumba za watu na maneno, mmoja anapiga kelele, mwingine ananyamaza, na Ramadhani inakaribia.

Siku moja nachambua mchele, Hamud akarudi kutoka huko, akakaa chini karibu yangu.

"Mama, leo kaniuliza baba alikuwa anaamuaje bei. Nikamwambia sijui. Kaniambia, nyumbani hakuna anayejua?"

Nikaweka ungo chini. Siri ya mume wangu nilikuwa nimeitunza kama alivyoniagiza, na sioni aibu kwa hilo. Lakini mwenye siri ameshazikwa, na duka linatuponyoka.

"Baba yako alikuwa hasikii," nikamwambia.

"Hasikii nini?"

"Hasikii kitu. Sikio la kulia liliondoka mwanzo, la kushoto likafuata baada ya yale mafuriko ya Jangwani. Alinikataza kusema. Alisema mfanyabiashara kiziwi watamla akiwa hai."

Hamud akanitazama kama nimemtukana. "Mama, miaka yote hiyo nilikuwa naingia namuuliza. Alikuwa ananijibu."

"Alikuwa anakujibu kwa mdomo?"

Akafikiri. "Kwa kichwa."

"Kwa kichwa. Ukiingia umekunja uso, anatikisa. Ukiingia uso umelainika, anainamisha. Aliniambia mwenyewe: 'Yule mtoto bei anayo usoni, mimi namrudishia tu.'"

Nilidhani atafurahi. Mnajua alifanya nini? Aliinuka, akaacha chai yake, akaingia chumbani, na siku kadhaa hakusema na mimi ila salamu. Dalia akaniambia nimemmaliza kabisa, nimemnyang'anya baba mara ya pili. Nikamjibu kwamba mimi nimemwambia ukweli bila kumdai kitu na bila kumwita mnyama yeyote.

Ghassan akaja dukani na karatasi za mkataba, na kahawa ndani ya chupa, eti tuandikiane kindugu. Nilikuwepo. Nilikaa kwenye marobota, mkoba mapajani, sikuondoka. Dalia alisimama pembeni yangu.

"Hamud, ndugu yangu," Ghassan akasema, "hii si kushindwa. Weka sahihi hapa, upumzike. Ami mwenyewe angekuwepo angekubali."

Hamud akazitazama karatasi. Akatazama pazia.

"Ngoja nimuulize mzee," akasema.

Dalia akanishika mkono. Ghassan akanitazama mimi, kama kusema, unaona mwenyewe alipofika. Hamud akaingia nyuma. Pazia halikufunga vizuri, nikamuona. Hakutazama kiti. Alisimama mbele ya kile kioo cha Bryson, kimya, hakuna simba wala mshindi, anajitazama uso kama mtu anayesoma bango lililo mbali. Alikaa hivyo mpaka kahawa ikaanza kupoa kwenye vikombe.

Akatoka.

"Mzee amekataa."

Ghassan akacheka. "Mzee gani, Hamud? Si tulimzika wote?"

"Amekataa, Ghassan. Maliza kahawa yako, nina wateja."

Na walikuwepo kweli, mume na mke wanagombana juu ya rangi ya pazia. Akawauzia. Ghassan alikunja karatasi zake akaondoka, chupa akaisahau, na mpaka leo ninayo. Jina kwenye mkataba ni lilelile.

Sasa kila mtu anasema ni yeye. Bryson amemuweka Hamud kwenye simu, picha kubwa, eti mteja wake aliyevunja kizuizi. Shehe Kitwana anasema kombe huchukua muda wake. Evelyn hasemi kitu, amemwambia tu arudi mwezi ujao, na Hamud anaenda, na akirudi hanielezi. Mimi hakuna aliyenitaja, na sidai. Kinachonikera ni kile kioo. Nilitaka kiondolewe, Hamud akakataa katakata. Kumbe anaingia nyuma mara kumi kwa siku kujitazama, mtu mwenye mke na watoto.

Idi ilipokaribia nikaenda kuchagua shuka langu, lile la pamba lenye kishada pembeni. Nikamwambia anipunguzie.

"Ngoja nimuulize mzee," akasema, na wapagazi wakaanza kucheka barazani.

Akaingia. Akatoka.

"Mzee amekataa, mama."

Nikalipa. Nililala na mzee huyo kitanda kimoja maisha yangu yote, na hakuwahi kunikatalia shuka.