Diski ya Mwalimu Athmani

Wallahi sikutunga. Nakueleza kama yalivyonipata, tena mchana kweupe. Ukitaka kucheka, cheka, lakini ukimaliza nisikilize.

Mimi ni fundi wa kompyuta, duka langu liko Mikindani, kando ya barabara kuu. Siku hiyo nilikuwa na laptopu ya Bi Zainabu wa Jomvu Kuu. Mumewe, Mwalimu Athmani, alisomesha madrasa miaka mingi, na alipoanza kuugua alijirekodi humo akizungumza na watoto wake: nasaha, visa vya utotoni, dua. Akafariki. Mwaka haujapita, laptopu nayo ikagoma, ikawa inaonyesha alama ya kuuliza tu. Bi Zainabu hakuwa na nakala. "Sauti ya baba yao haiko pengine popote," aliniambia, akaniachia mashine ile kwa mikono miwili.

Ilikuwa Mac. Yangu ni Windows. Aliyewahi kujaribu anajua: ili kuiamsha Mac unahitaji flashi yenye mfumo wake, na maelezo yote ya kuitengeneza flashi hiyo yanadhani una Mac nyingine nzima pembeni. Sasa ningekuwa nayo, ningehangaika? Nikatafuta programu ya Windows inayoweza kuumimina mfumo ule kwenye flashi. Kazi yake nzuri, ila ina tabia moja mbaya: diski utakayoichagua inaifuta yote kwanza, wala haikuulizi mara mbili.

Asubuhi nilikuwa nimeitoa diski ya Mwalimu nikaiunga kwa waya kwenye kompyuta yangu, nione kama iko hai. Windows haikuweza kuisoma, ikaionyesha haina jina. Nikaisahau hapo hapo. Ndiyo, fundi mzima, na maringo yangu yote, nikaisahau. Flashi yangu nayo, ambayo jana yake niliijaribu nikaivuruga, haikuwa na jina. Zote mbili za ukubwa mmoja. Zikawa kwenye skrini diski mbili zisizo na majina, nami nikaona moja tu.

Adhuhuri ilikwisha swaliwa, jua kali, barabarani malori tu. Nilikuwa nimeupa mlango mgongo. Nikasikia, "Assalamu alaykum."

Nikaitika na kumkaribisha, macho kwenye skrini. Sikugeuka. Najua, najua. Mama angeniona angenifinya. Mgeni akakohoa mara tatu, kikohozi kikavu cha mtu anayejiandaa kusema. Nikamwambia aketi kigodani, namaliza sasa hivi. Nikasikia kigoda kikilia chini ya uzito wake, na nguo yake ikikwaruza ukuta.

Nikachagua diski. Kidole kilikuwa juu ya kitufe.

"Hiyo usiifute, mwanangu," akasema taratibu. "Mimi nimo humo."

Sijui ni maneno yale au ni sauti yenyewe, lakini nilikiondoa kidole. Nikasoma namba ya diski, nikaufuata waya kwa macho, nikaona unaishia kwenye diski ya Mwalimu. Ya Rabi. Nikauchomoa, nikageuka nimshukuru. Hakuna mtu. Kigoda nacho hakuna. Nikadhani mzee amekitoa nje akae kivulini.

Punde akaingia Mama Kadzo, muuza viazi karai wa ng'ambo ya njia, kigoda changu mkononi. Alikichukua tangu asubuhi nikiwa nyuma ya duka, akasahau kuniambia. Akaniuliza nilikuwa nikizungumza na nani peke yangu, maana mlangoni kwangu hakuona mtu akiingia. Nikakipokea kigoda, nikarudi mezani.

Flashi ile niliitengeneza diski ya Mwalimu ikiwa mbali. Nikairudisha diski ndani ya Mac, nikaweka mfumo mpya bila kugusa mafaili, na kabla ya Alasiri ikawaka. Bi Zainabu alipofika nikamfungulia rekodi ya kwanza. Kikohozi kikavu, mara tatu. Kisha, "Assalamu alaykum, wanangu."

Ilikuwa sauti ile ile. Niliogopa, siwezi kukuficha, lakini zaidi ya hofu nilijiona mdogo mno. Mtu amezikwa, tumemswalia, na bado amepewa njia ya kuja kuwalindia wanawe maneno yake? Nani amempa? Mimi ni nani hata niwe nimekaa karibu na jambo kama hilo, nikibofya-bofya?

Nikamsimulia Bi Zainabu yote. Hakushtuka. Akaniuliza jambo moja tu.

"Uso wake ulikuwaje, mwanangu? Siku zake za mwisho aliumwa sana. Ulimwona amepumzika?"

Nilimwambia ukweli, kwamba sikugeuka. Akasema, "Haya," akaikumbatia laptopu yake, akaenda zake.

Tangu siku ile meza yangu inatazama mlango. Hata mtoto mdogo akinitolea salamu, nainuka. Wenzangu wananitania, nami nawaacha. Basi nawe, kabla hujaandaa flashi, chomoa kila diski usiyoihitaji, tena usijiamini. Na mtu akikusalimu, acha unachofanya umtazame usoni. Bi Zainabu nakutana naye mara nyingi, namwamkia, ananiitikia vizuri. Hajaniuliza tena, na mimi kila nikimwona namwomba Mungu asiniulize.