Siku Baba Alipotuma Sauti kwa Ukoo Mzima

Nilirudi nyumbani kwa baba, mtaa wa Ngokolo, Shinyanga, baada ya arobaini ya mume wangu. Duara, shimo la dhahabu alilokuwa akichimba kule Mwakitolyo, lilikuwa limeporomoka baada ya mvua, wakamtoa chini siku ya pili. Nalisema kwa kifupi kwa sababu hata siku zile nilikuwa naweza kulisema kwa kifupi. Watu walikuja kwangu wakilia, mimi nikawa nawauliza kama wameshakunywa chai. Nilifunga vyombo vyangu kwenye maboksi mawili, nikapanda gari la Shinyanga, nikakaa dirishani, na sikumbuki nilichokiona njiani.

Baba alikuwa anaishi peke yake tangu mama afariki. Ujana wake wote alikuwa mpimaji kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na kazi ile ilimzoesha kusema tu kile ambacho mzani umekisema. Nilipofika alinipokea boksi moja, akaniambia, "Chumba chako kimefagiliwa." Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yetu ya siku ile.

Mdogo wangu anayefanya kazi Dodoma alikuwa amemtumia simu ya kupangusa. Ilikuwa kabatini, imefungwa kwenye taulo, na baba aliendelea na kitochi chake, kisimu cha vitufe. Kisha akafa binamu yake wa Solwa. Siku hizi ukoo wetu hautumi tena mtu na baiskeli kutangaza msiba. Wanatangaza kwenye kundi la wasapu. Baba alipata habari siku tatu baada ya mazishi, kwa muuza mkaa, barabarani. Kwa Msukuma wa umri wake, kutoonekana kwenye maziko ya binamu si jambo dogo.

Alirudi, akaitoa simu kwenye taulo, akaiweka mezani mbele yangu.

"Mayu," akasema. Ndivyo anavyoniita tangu utoto wangu, ni kama kusema mama kwa Kisukuma. "Nifundishe hiki kitu. Sitaki usome halafu uniambie. Nataka nifungue mwenyewe."

Nikamfundisha. Sikuwa na hamu wala uvivu. Ningeambiwa nipete mchele ningepeta. Kila siku saa kumi jioni tulikaa kibarazani. Vidole vyake vilikuwa vigumu kwa jembe, kioo cha simu kikawa hakivisikii. Akibonyeza kwa nguvu, vitu vinacheza na kuhama. Akigusa kidogo, hakitokei kitu. Nikakuza maandishi mpaka maneno matatu yakajaza kioo. Akachukua daftari, akaandika kwa mwandiko wake wa kiwandani: *Washa. Gusa kijani. Tafuta jina. Shikilia kipaza sauti, usiachie mpaka umalize.*

Kuandika kulimchosha, lakini kutuma sauti alikupenda. Alishika simu mbele ya mdomo kama anayepuliza moto. Mtu wake wa kwanza alikuwa dada yake, shangazi yangu, anayeishi Katoro, upande wa Geita, na huuza nguo sokoni. Baba alianza kwa salamu ya Kisukuma, "Mwadila!" Halafu akanyamaza. Nikahesabu sekunde tano, sita. Kisha akauliza hali, "Mhola?" Akanyamaza tena.

Nikamwambia, "Baba, hakusikii sasa hivi. Atakuja kusikia baadaye. Ongea moja kwa moja."

"Najua," akasema. "Namwachia nafasi. Akisikia naye ataitikia."

Sikubishana naye. Mpaka leo sauti za baba zina mashimo ya watu kuitikia.

Kilichomtesa zaidi ni hofu ya kuharibu. Simu ikilia mlio mpya ananiita. Picha ikijifungua yenyewe ananiita, mikono ameinua kama mtu aliyevunja sahani ya wageni. "Nimegusa wapi?" Ndilo lililokuwa swali lake. Mimi nilichukua simu, nikarekebisha, nikamrudishia. Sasa naona kwamba nilikosea hapo. Kila niliporekebisha kwa mikono yangu nilikuwa namthibitishia kwamba simu ile ni ya watu kama mimi. Lakini wakati ule ilikuwa rahisi kurekebisha kuliko kueleza, na mimi nilikuwa nafanya kila lililo rahisi.

Ikapita kama miezi miwili. Siku moja, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa nyuma ya nyumba nachagua michembe, viazi vyetu vya kukausha, natoa vilivyotobolewa na wadudu. Simu yangu ikaanza kulia mfululizo. Kundi la ukoo. Nilijua ni msiba, kwa sababu kundi letu huamka kwa msiba. Nikafuta vumbi mikononi, nikafungua.

Ilikuwa sauti ya baba. Dakika mbili na kitu.

"Mwadila," alisema, akanyamaza. Halafu akaongea Kisukuma cha chini, cha mtu anayejifunika mdomo. Naandika kwa Kiswahili nilivyosikia:

"Dada, huyu mtoto sijui nimfanyeje. Tangu alipokuja hajalia. Anapika, anafua, ananifundisha simu, halalamiki. Juzi aliweka chumvi kwenye chai badala ya sukari. Akainywa yote, hakujua. Nami nikanywa yangu, sikusema kitu. Mimi ni mwanamume, namna ya kumuuliza siijui. Mama yake angekuwepo angejua. Ng'wana wane, mwanangu huyu, yuko hapa lakini hayupo. Njoo umwone."

Nilisikiliza mara moja, sikurudia. Chini yake majibu yalikuwa yanaendelea kupanda: mikono iliyofumbatwa, nyuso za machozi, "Pole sana mzee wetu", "Tunamwombea". Baba mdogo mmoja wa Kahama aliandika, "Kaka, hii umeileta kwenye kundi." Tulikuwa zaidi ya watu sitini mle ndani. Niliona majina ya wadogo zangu wa ukoo, ya wakwe, ya ndugu mmoja niliyesoma naye.

Baba akatokea mlango wa nyuma, simu mkononi, miwani imeteremka puani.

"Mayu, nimemtumia shangazi yako ujumbe. Mbona wananijibu watu wengi?"

Nikamwambia, "Haukwenda kwa shangazi, baba. Umekwenda kwa ukoo wote."

Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hakuuliza kama nami nimesikia. Simu yangu ilikuwa wazi mkononi.

"Unaweza kufutwa?"

"Unaweza."

"Ufute."

Nikachukua simu yake, nikashikilia ule ujumbe mpaka ukabadilika rangi. Kabla sijagusa pa kufuta nikamuuliza, "Ile chai niliweka chumvi?"

"Kidogo tu," akasema baba, anatazama chini.

Nikafuta kwa wote. Haikusaidia. Waliokuwa wamesikia walishasikia, na wasiosikia sasa waliona maneno kwamba ujumbe umefutwa, wakaanza kuuliza, "Mzee umefuta nini?" na waliosikia wakawasimulia. Baba akaizima simu, akaenda kuifunga tena kwenye taulo.

Mtu akisoma hapa atadhani nililia jioni ile. Sikulia. Nilimaliza michembe, nikaonja chai kabla ya kuimimina, nikampelekea. Nilichokigundua ndani yangu kilikuwa kidogo, karibu na aibu: kwamba mtu mwingine alikuwa akinihesabia siku ambazo mimi sikuwa nazihesabu.

Siku ya tatu shangazi akashuka kwenye bodaboda getini, ana mananasi manne kwenye kiroba na begi la kukaa, si la kushinda. Nikamwamkia, "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu," akasema, akanishika shingo kwa mkono mmoja, akaniachia, akauliza, "Yuko wapi aliyeniita?"

Baba alikuwa chumbani. Shangazi hakumpa hata nafasi ya kumwuliza habari za safari.

"Simu yako haipatikani tangu juzi. Unamwita mtu kisha unafunga mlango?"

"Nimeaibisha mtoto," baba akasema. "Kitu kile si cha wazee."

"Sikiliza, kaka. Ungenitumia mimi peke yangu, ningekujibu kwamba nitakuja nikimaliza mzigo, na mzigo wa sokoni hauishi. Lakini ukoo mzima ulisikia kwamba naitwa. Ningekaa Katoro kwa uso gani?"

Nilikuwa mlangoni na sinia ya nanasi, na niliona pembe ya mdomo wa baba ikipanda kidogo.

Shangazi alikaa siku tisa. Hakuniambia lia, hakuniambia nijikaze. Alinisuka nywele, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu msiba. Alinituma sokoni, aliniuliza vitu vidogo na kungoja jibu. Siku moja aliniuliza mume wangu alipenda kula nini, nikataja dagaa wa kukaanga na pilipili, kisha nikavitaja tena, kama sikuwa nimesema. Akaendelea kusuka.

Ni yeye pia aliyesema, "Huyu mzee hajui kukosea. Mfundishe hilo."

Nikafungua kundi la watu watatu: baba, shangazi na mimi. Nikaliita Kundi la Kukosea. Nikamwambia baba, "Humu kila siku utume kitu kibaya, halafu ukifute mwenyewe. Mimi sigusi simu yako." Nikaweka mikono yangu nyuma, nikaishikilia kweli, maana ilizoea kukimbilia. Siku ya kwanza alitumia robo saa kufuta neno moja. Siku ya pili akatuma picha ya kidole chake gumba. Siku ya tatu picha ya makalio ya ng'ombe wa jirani, na hiyo shangazi akamkataza kuifuta. Nilimfundisha kuangalia juu ya kioo kabla ya kuongea, asome jina kwa sauti: "Dada." "Kundi la ukoo." "Mayu." Kwenye daftari akaongeza mstari kwa kalamu nyekundu: *Soma jina kwanza.*

Shangazi aliporudi Katoro, zikapita siku chache. Nilikuwa natandika kitanda nikasikia baba kibarazani anasoma kwa sauti, taratibu, "Kundi la ukoo." Nikasimama. Nikasikia "Mwadila", na kimya chake. Halafu:

"Mimi ndiye niliyetuma ile sauti nikaifuta. Maneno yalikuwa ya kweli. Nilikosea mahali tu pa kuyapeleka. Wote mliopiga simu na mliomwombea mwanangu, wabeja sana, asanteni. Anaendelea. Amesuka nywele."

Akaachia kidole. Simu yangu ikalia kitandani. Sikuifungua, nilikuwa nimeshasikia. Nikakaa juu ya kile kitanda, shuka bado mkononi, kisha nikamalizia kutandika.

Habari za kundi letu la kukosea zilifika kanisani kwa njia ya baba mwenyewe. Sasa siku za Jumanne na Alhamisi wanakuja kibarazani kwetu wazee watano, wakati mwingine saba, na mmoja ni mama wa miaka themanini asiyejua kusoma, anayetambua watu wake kwa picha zao tu. Tunawatengenezea kwanza pa kukosea. Siwagusii simu. Baba hukaa upande wa pili wa benchi, na mtu akiinua mikono kwa hofu, baba ndiye humwambia, "Haijavunjika hiyo, gusa tena."

Watu wa ukoo hunipigia kuuliza kama nimepona. Huwajibu kwamba naendelea, kwa sababu ndilo neno alilotumia baba na sijapata lingine. Wiki iliyopita yule mama wa miaka themanini alishikilia kipaza sauti, akamtazama mjukuu wake kwenye ile picha ndogo, akaniuliza kwa kunong'ona, "Nimwambie nini?"

Nikamwambia amsalimie, halafu amwambie amekula nini leo. Akaanza na ugali.