Nilivyoitibu Mashine ya Shangazi Minza

Nichekeni, lakini taratibu. Shangazi yangu Minza ana kibanda cha gemu hapa Bariadi. Mashine yake pekee ni kuukuu, imetiwa chipu ili isome diski za kopi. Jumapili iliyopita iligoma kusoma, na wateja wameshajaa kwenye mabenchi.

"Tuipindue tu," alisema shangazi. Huku kwetu ndiyo tiba: unaweka diski, unafunika, unaigeuza mashine kichwa chini miguu juu, inasoma.

Mimi nina shahada ya fizikia na sikubali jambo bila ushahidi. Nikaifungua, nikafuta kwa spiriti lenzi, lile jicho la ndani linalosoma upande wa diski unaong'aa, nikaifunga. Bado. Basi nikakubali kuipindua, ila kisomi: kama mashine inageuzwa, niliwaza, diski nayo lazima igeuzwe, ili upande unaong'aa ubaki chini. Nikaiweka hivyo, nikafunika, nikapindua. Kimya.

Nikatangaza kwamba chipu imekufa. Shangazi akaketi, akashika tama.

"Hiyo ndiyo inayonilisha, baba."

Masanja, mkulima wa pamba aliyekuja kucheza kwa baiskeli kutoka Ngulyati, akainuka. "Hebu tuione hiyo maiti." Akaigeuza, akafunua kifuniko, akaitazama diski. Kisha akanitazama mimi.

"Usilie, dada Minza. Mashine ni nzima, mgonjwa ni msomi wako." Akanigeukia. "Kaka, ulipoipindua mashine, lenzi ilibaki mezani?"

Nilifumbua mdomo, lakini mabenchi yote yakanijibia kwa pamoja: "Haikubaki!"