Laini

Wazungu walituletea neno moja, nalo likazaa ukoo. Laini ilikuwa safu ya vyumba vya bati tulimoishi, kwenye shamba la mkonge nje ya Thika. Laini ilikuwa ule mstari wa mkonge aliopimiwa baba kila asubuhi, akarudi na mikono iliyochanwa na miiba. Laini ilikuwa reli pia. Shangazi yangu, dada yake baba, aliolewa Ruiru, na nyanya, mama yao, akienda kumwona alisema, "Nafuata laini," akafika.

Vita vya msituni vilipoingia, neno likapata kazi nyingine. "Laini!" walinguruma homgadi, watu wetu waliopewa silaha na serikali, na marungu yakaanza kutua kabla hatujavuka kizingiti.

Asubuhi moja walitupanga uwanjani, mikono kichwani. Inspekta wa polisi alimleta mtu aliyevikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Akikunyooshea kidole, basi umekula kiapo cha watu wa msituni, unapanda lori, na waliopanda lori lile hatukuwaona tena. Alimnyooshea jirani yetu. Kitako cha bunduki kikampiga mdomoni, meno yakamwagika vumbini, wakamburuta kwa miguu.

Aliyefuata alikuwa nyanya, kisha baba. Mimi nilikuwa nimeshika koti la baba.

Gunia lilipomfikia nyanya lilifanya jambo ambalo hakuna aliyeliamuru. Lilipiga hatua pembeni, likageuza uso, likasimama kimya, kama afanyavyo mwanamume wa kwetu anapokutana na mama mkwe wake njiani. Mwili ulisahau kwamba umefichwa.

Nyanya alikuwa na mkwe mmoja tu wa kiume, kule Ruiru.

"Mkwe wangu," aliuliza taratibu, "mtoto hajambo?"

Laini nzima ilisikia. Inspekta naye alielewa kitu, maana alimsukuma yule mtu kwa bastola hadi mbele ya baba, akangoja. Tuliona kitambaa cha gunia kikivutwa mdomoni na kutolewa, kikivutwa na kutolewa. Kidole kikainuka.

Walimpiga baba huku wakimvuta, nami sikuachilia. Lori lilipoondoka nilikuwa nimebaki na mkono wa koti.

Kabla ya mvua kubwa, watu wa msituni walimkatakata mkwe kwa panga na kumtupa kando ya reli. Shangazi alikuja kwetu kwa miguu akiifuata reli hiyohiyo, mtoto mgongoni. Wanawake wa vyumbani walimzuia njiani wakiwa na mawe. Mama yangu ndiye aliyekuwa mbele.

"Aliyemuuza mume wangu, damu yake hailali hapa," alisema.

Nyanya akapita katikati yao. Jiwe la mama, alilomrushia shangazi, lilimpasua nyanya kipaji cha uso. Hakujifuta. Alimfungua mtoto mgongoni mwa shangazi, damu ikimdondokea mtoto kichwani.

"Ni damu yangu hii," akasema. "Amekuja kwao."

Alimlaza mtoto mahali alipokuwa akilala baba. Mama alilala mlangoni, ametupa mgongo.